Kola ya shati

Leo nimefumua kola ya shati mara ya tatu. Ncha moja imekaa vizuri, nyingine imevimba kana kwamba imeumwa na nyuki. Zamani ningeomba Mungu anipe kipaji, kisha nifunike cherehani nikalale. (Ndiyo, nilikuwa hivyo.)

Siku hizi namfikiria Bezaleli, fundi wa kwenye Biblia, katika kitabu cha Kutoka sura ya 31: alijazwa Roho wa Mungu, na matunda yake yakaonekana kwenye dhahabu, shaba na mbao alizochonga. Sura ya 35 inasema alipewa pia moyo wa kufundisha. Kumbe walikuwepo wanafunzi, na naamini waliharibu vitambaa kama mimi!

Basi nikapunguza kitambaa cha ndani kwenye ncha, nikaigeuza taratibu kwa kijiti. Imekaa. Sasa mikono ya shati inaningoja.