Mizinga sita ya Arua: mbochi bado haijaiva

Hali ilivyo mwisho huu wa Machi: mizinga sita imetundikwa nyuma ya shamba la mihogo, nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda, na minne imeshaingia nyuki. Miwili iliyobaki nimeipaka nta mpya kwenye viunzi, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, na kuisugua ndani kwa mchaichai uliopondwa, maana harufu yake huwavuta nyuki wanaotafuta makao. Hiyo sina haraka nayo.

Yote ni mizinga ya viunzi vya juu, ile ya mtindo wa Kenya. Seremala nilimsisitizia upana wa kiunzi: milimita 32. Nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya na masega yao hukaa karibu karibu. Kiunzi kikizidi, wanajenga sega likivuka hadi kiunzi cha pili, na hapo huinui kimoja bila kupasua kingine. Alikata cha kwanza, tukakipima kwa rula, ndipo akaendelea.

Siafu ndio wananikosesha usingizi. Wakipanda, kundi zima la nyuki linaweza kuhama usiku mmoja. Kwa hiyo mizinga inaning'inia kwenye waya zilizopakwa grisi, na nyasi chini nazifyeka kila mara, kwa sababu bua moja likiegemea mzinga linawatosha kuvuka.

Jumamosi jua lilipozama nilifungua mzinga mkongwe, bomba la moshi likiwa na mavi makavu ya ng'ombe. Nilianzia mwisho wa mzinga, mbali na majana, yaani mabuu ya nyuki. Kiunzi cha pili kilikuja kizito, sega jeupe, limefunikwa nta juu kote, lakini theluthi ya chini vijumba vilikuwa wazi, vinang'aa. Niliwapangusa nyuki kwa unyoya wa bata, nikalitikisa sega taratibu, likiwa wima vilevile. Matone yakaruka. Hiyo bado ni mbochi, yaani maji matamu ya maua ambayo hayajawa asali, nikairudisha.

Mama mwenye duka barabarani ananiuliza kila nikipita, "Mwanangu, asali lini?" Namjibu, "Mama, nyuki hawajamaliza kazi." Nalisema kwa dhati. Nyuki huipepea mbochi kwa mabawa mpaka maji yapungue, ndipo wanafunika. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kwa asali ya kawaida ni maji yasiyozidi asilimia 20. Ikizidi hapo inachacha kwa urahisi, chupa inatoa povu, na mteja harudi. Sasa mvua zimeanza, hewa ina unyevu, na asali iliyoachwa wazi hunyonya maji hayo. Nikirina, nitaponda masega, nichuje kwa kitambaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, bila kuweka motoni.

Kitu kimoja kinaniuma sana katika kuuza. Asali ya msimu uliopita iliganda, na wateja wawili wakasema nimetia sukari. Kuganda ni tabia ya asali: glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembechembe. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Wengine huchovya njiti ya kiberiti, ikiwaka wanasema ni halisi. Njiti haijui sukari, na sharubati nzito nayo huiacha iwake. Afadhali umwulize muuzaji imerinwa wapi, lini, na maua gani yalikuwa yamechanua. Yangu ni ya kiangazi, wakati miti ya shea ilipochanua.

Lebo mpya zimeshachapwa. Nusu kilo ni shilingi 10,000. Chini ya tarehe nimeandika kwa herufi kubwa: ASIPEWE MTOTO WA CHINI YA MWAKA 1, kwa kuwa asali, hata safi, inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuwazuia. Dukani wengi hawakuwa wamelisikia hilo, na bibi mmoja aliniambia huwa anawalambisha wajukuu wachanga. Tulizungumza kwa muda mrefu.

Jumamosi ijayo nafungua tena. Sega likifunikwa robo tatu na zaidi, bila tone kuruka, narina viunzi vitatu na kuwaachia nyuki vingine vyote kwa siku za mvua.