Kumbe

"Mwanangu, kumbe hii kazi uliifanya wewe?"

Alisema hivyo tu Mzee, mstaafu wa ofisini kwetu, siku ya Jumanne, amesimama nyuma ya kiti changu. Alikuja kufuatilia mafao yake, akapita kutusalimia na mfuko wa zabibu. Hakukasirika. Angekasirika, ningelala usingizi.

Mnajua tangu mwezi uliopita tunahamisha programu za ofisi kutoka SVN kwenda Git, mifumo miwili ya kutunza historia ya programu: nini kilibadilishwa, na nani. SVN inamjua mtu kwa jina la kuingilia tu. Git inataka jina kamili na barua pepe. Kwa hiyo unaandaa faili la waandishi, kila jina la zamani na mwenyewe. Likikosekana moja, kazi inagoma njiani. Kwangu iligoma saa nane usiku, kwenye jina la Mzee. Nikaweka langu mbele ya lake ili iendelee, nikalale, nitarekebisha kesho. Kesho ya ofisini mnaijua: kazi za Mzee zikabaki na jina langu.

Kumbe uliifanya wewe. Nimeirudia bafuni, kwenye bajaji, hata kwenye sendofu ya wifi Jumamosi (ilipendeza, picha baadaye). Hiyo "kumbe" ndiyo inayochoma.

Nilidhani faili la mailmap lingeniokoa, maana hubadilisha jina linaloonekana bila kugusa komiti zenyewe, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa. Wapi! Kwa Git, mimi na Mzee tulishakuwa mtu mmoja, halina pa kututenganishia. Na ukibadili mwandishi wa komiti moja, hashi yake (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) inabadilika, na ya kila komiti iliyofuata, kwa sababu mtoto hubeba hashi ya mzazi. Bahati SVN ya zamani bado inasomeka. Jumapili nikaanza kuhamisha upya, komiti 31 tulizoingiza tangu tuhame nikazipandikiza juu ya historia mpya. Leo wenzangu wamepakua kila kitu upya wakinung'unika. Wanung'unike.

Nilimpigia Mzee kumwomba barua pepe. "Weka ya mjukuu," akasema, "ila jina liwe langu."

Halafu nikakaa kusoma komiti zake, sasa zina jina lake, nikacheka peke yangu. Moja ameandika tu: "Imekubali. Msiguse." Hatujagusa hadi leo! Nimemtumia picha ya skrini. Tiki mbili za bluu, jibu hamna.

Hapa nyumbani, Neema bado anakohoa usiku. Nilisema ni vumbi la Nzuguni, lakini mvua imenyesha juzi, vumbi limelala, na yeye anakohoa.