Mbwa anakimbia, kamera gani itamkamata?

Mbwa wetu wa kwanza alikua anaitwa Simba, alikufa miaka minne iliyopita, na mpaka leo nikitafuta kwenye simu napata picha zake amelala, amekaa mlangoni, anakula. Anayokimbia sina hata moja iliyotoka vizuri. Na Simba bila kukimbia sio Simba, kukimbia ndo ilikua maisha yake. Hiyo kitu iliniuma sana, na walipokuja hawa wawili nilio nao sasa hapa Entebbe nikajisemea hapana, safari hii natafuta kamera ya ukweli.

Wa kwanza ni Pilipili, mbwa wetu wa kienyeji kabisa, rangi ya udongo, miguu mirefu, sikio moja limesimama lingine limelala. Wa pili ni Mkaa, na jina linajieleza, mweusi tii kuanzia pua mpaka ncha ya mkia. Kila asubuhi tunashuka kwenye kiwanja cha mpira karibu na ziwa kabla watoto hawajatoka shule za jirani, na wakifunguliwa tu kamba huwaoni tena, unaona vumbi.

Sasa nilivoanza kutafuta DSLR, zile kamera za kubadilisha lenzi zenye kioo ndani, kila mtu aliniambia habari ya megapikseli, yaani mamilioni ya vidoti vinavyounda picha. Hii ina 24, ile ina 18, chukua ya 24. Jamani, kwa mbwa anayekimbia hiyo namba iache kwanza. Kamera ya megapikseli 18 inakupa picha ya pikseli 5184 kwa 3456, hiyo unaisafisha kwenye karatasi ya A3 ikatoka safi. Mbwa akitoka na ukungu kwa megapikseli 24 umepata ukungu mkubwa zaidi, basi.

Kitu cha kuangalia ni fokasi, yaani kamera kulenga kitu kitoke wazi, na hapa naomba mnivumilie kidogo manake ndo roho ya mambo yote. Ndani ya DSLR kuna kioo. Mwanga ukiingia kwenye lenzi unagonga kile kioo, mwingi unapanda juu kwenye dirisha unalochungulia, na kiasi kidogo kinapita kinashushwa chini ambako kuna sensa ya peke yake, kazi yake fokasi tu. Zile alama ndogo unazoziona ukichungulia ndo macho ya hiyo sensa. Na macho hayalingani. Kuna yale yanayosoma mistari ya upande mmoja tu, na kuna yale ya msalaba yanayosoma wima na ulalo pamoja, hayo ya msalaba ndo yanashika mbwa, manake manyoya hayana mistari iliyopangwa, na mbwa akigeuka ghafla lile jicho la upande mmoja linapotea.

Sasa angalia. Canon 1200D, ile ambayo wengi wanaanza nayo, ina alama 9 na ya msalaba ni moja tu, ya katikati, na inapiga picha 3 kwa sekunde. Canon 60D ya mwaka 2010, yaani ni nzee kuliko hiyo 1200D iliyotoka 2014, ina 9 na zote ni msalaba, picha 5.3 kwa sekunde. 7D ya 2009 ina 19 zote msalaba na inapiga 8. 70D ya 2013 nayo 19 zote msalaba, inapiga 7. Upande wa Nikon, D3200 ina alama 11 na picha 4 kwa sekunde, wakati D7000 ya 2010 ina 39, tisa kati yake za msalaba, na picha 6. Umeona ninakokwenda? Kamera ya ngazi ya kati iliyotumika miaka kadhaa inamshinda mtoto mpya wa ngazi ya chini akiwa bado kwenye boksi lake, kwa kazi hii ya mbwa lakini, kama unapiga picha za keki au za mtoto amekaa kwenye kochi chukua hiyo mpya na utafurahi.

Na hizo picha kwa sekunde sio urembo. Mbwa akikimbia kilomita 36 kwa saa, na Pilipili sidhani kama yuko mbali na hapo, ni mita 10 kila sekunde. Kamera ya picha 3 kwa sekunde, kati ya picha na picha mbwa ameshasogea zaidi ya mita tatu. Ile sekunde ndogo ambayo miguu yote minne iko hewani, ambayo ndo tunaitafuta sote, inapita katikati hapo na huioni. Kwa picha 7 anasogea kama mita moja na nusu hivi, una nafasi.

Nikashuka Kampala mjini Jumamosi moja na pesa zangu nimezigawa mifuko miwili. Nimezunguka maduka mengi ya kamera za mtumba, kuna sehemu nilipewa kamera nikaambiwa dada hii ni mpya kabisa na raba ya pembeni imeshaanza kubanduka, nikarudisha nikashukuru nikaondoka. Mwisho nikaingia kwa kaka mmoja Mkongomani, Kiswahili chake cha kule Bukavu, akaniuliza, "Dada, unatafuta kamera ya arusi ao ya nini?" Nikamwambia ya mbwa, kaka, mbwa anakimbia sana. Alifikiri kidogo alafu akasema, "Basi tutoke inje, hapa ndani hautajua kitu."

Na hilo ndo jambo ambalo nataka kila mtu anayenunua kamera ya mbwa alifanye. Duka halina mbwa, lakini Kampala ina bodaboda. Tukasimama mlangoni, nikamwachia kitambulisho changu na yeye akasimama bega kwa bega na mimi, kamba ya kamera shingoni manake ile barabara unaijua. Ukiwa na Canon weka AI Servo, ukiwa na Nikon weka AF-C, hiyo ni ile hali ambayo fokasi inaendelea kufuata kitu badala ya kufunga mara moja na kubaki pale pale. Weka shata 1/1000, yaani pazia la kamera lifunguke kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, weka kupiga mfululizo, alafu subiri bodaboda inayokuja moja kwa moja kwako. Sio inayopita pembeni, hiyo rahisi. Inayokuja kwako, manake hivo ndo mbwa anakuja ukimwita. Shikilia kitufe mpaka ikupite, alafu kaa chini ukuze picha moja moja kwenye skrini uangalie uso wa dereva. Kwenye picha kumi, ukipata sita saba uso uko wazi, kamera na lenzi viko sawa. Ukipata ya kwanza tu na zingine fokasi imebaki nyuma, achana nayo.

Nilijaribu tatu. 60D ilinipa tano katika kumi. 7D ilikua nzuri mno lakini inakula kadi za kumbukumbu za CF na hizo mtaani kwetu sio kitu unachokipata ukiishiwa. 70D ilinipa saba na inatumia SD ya kawaida. Nimechukua 70D, milioni moja na laki nane za Uganda pamoja na betri mbili na bila lenzi, baada ya kubembelezana karibu saa nzima na soda mbili.

Kabla hujalipa kuna vitu vya haraka haraka. Piga picha ukuta mweupe ukiwa f/16, yaani tundu la lenzi limebanwa dogo (namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu linakua kubwa), madoa meusi yakitokea ni vumbi kwenye sensa inayochukua picha, linasafishika ila lipunguze kwenye bei. Uliza shata imeshapiga mara ngapi, ya 70D ilipimwa kwa mara laki moja, kwa hivo iliyofika elfu tisini mwenye nayo asikutoze kama ya elfu kumi. Na lenzi imulike na tochi ya simu upande wa nyuma uchungulie mbele, ukiona kama utando wa buibui huko ndani ni ukungu wa fangasi, usiguse hata kwa bei ya bure, sisi tunaokaa karibu na ziwa unyevu ni mwingi na ile kitu inaendelea kukua.

Lenzi sasa. Hapa watu wanamaliza pesa zote kwenye kamera alafu wanabaki na ile 18-55 iliyokuja nayo (hizo namba ni milimita, kadri zinavokua kubwa ndo lenzi inavuta karibu zaidi), na mbwa akiwa mita ishirini anaonekana kama sisimizi kwenye majani. Kwa sensa hizi ndogo za picha za Canon unazidisha hizo milimita mara 1.6 ukilinganisha na sensa kubwa, kwa hivo 200mm inakua kama 320, inatosha sana kwenye kiwanja. Mi nimechukua 55-250 STM, ya mtumba pia, nyepesi, mota yake ya kusogeza fokasi iko haraka. Usiichanganye na 75-300 ya zamani ambayo utaiona kila duka na bei inavutia, ile haina kituliza mtikisiko na mota yake ni ya polepole, mbwa hakusubiri. Ukiwa na pesa zaidi na unaweza kuwasogelea, 85mm f/1.8 inakupa mwanga mwingi ambao zumu za bei yetu hazina. Na kama umeenda Nikon, hizi D3000 na D5000 na ndugu zao hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, ukiuziwa lenzi ya zamani ya AF isiyo na mota yake mwenyewe utazungusha fokasi kwa mkono, na kwa mbwa anayekimbia hiyo haiwezekani. D7000 mota inayo.

Mtu ataniuliza mbona usichukue mirrorless, hizi mpya zisizo na kioo. Ni swali la haki. Zinatafuta jicho la mnyama zenyewe, Sony walileta hiyo mwaka 2019, na Canon R6 ya 2020 inatambua mbwa, paka na ndege. Kama pesa unayo nenda huko na usigeuke nyuma. Pesa yangu haikufika, na kwa sababu wapiga picha wengi wanahamia huko, hizi DSLR nzuri zinashuka bei, kwa hivo sisi wa mwisho kwenye foleni tunakula vizuri.

Kitu kingine hapa kwetu ni mwanga. Tuko karibu na ikweta, jua linapanda haraka, ikifika saa tatu asubuhi limeshapanda na macho ya mbwa yanaanza kuingia kivulini. Kwa hivo mi napiga saa moja mpaka saa mbili u nusu, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Lakini jioni ukitaka 1/1000 na lenzi ya f/5.6 ISO, yaani kiasi ambacho kamera inakuza mwanga, inapanda mpaka 3200, picha inakua na chembechembe. Ikubali. Chembechembe unavumilia, mbwa mwenye ukungu humtengenezi popote. Akitembea tu 1/500 inatosha, akiruka nenda 1/2000 kama mwanga upo. Na piga magoti, au lala kabisa kwenye majani, picha ya mbwa uliyopiga ukiwa umesimama inaonyesha mgongo.

Mkaa ndo alinisumbua wiki mbili nzima. Kamera inadhani dunia yote ni ya kijivu, ikiona mbwa mweusi amejaa kwenye fremu inaongeza mwanga ili awe kijivu, matokeo yake mbwa amepauka na majani nyuma yake yameungua meupe. Nashusha theluthi mbili ya hatua moja kwenye kipimo cha mwangaza na anarudi mweusi wake. Ila fokasi bado ilikua inateleza, manake manyoya meusi hayana kitu cha kushika, yote sawa. Nikamvalisha ukosi mwekundu. Sasa alama ya katikati naiweka pale ukosi unapokutana na shingo, inashika papo hapo, na jicho liko karibu hapo hapo kwa hivo nalo linatoka wazi. Alafu fokasi nimeitoa kwenye kitufe cha kupigia nimeihamishia kile cha nyuma cha AF-ON, dole gumba linafuata mbwa, kidole cha shahada kinapiga. Siku tatu za kwanza mkono unakataa, ya nne unazoea.

Leo asubuhi nimepiga picha 140. Nimefuta 121. Katika zilizobaki kuna moja ya Pilipili, miguu yote minne hewani, lile sikio lililolala limesimama kwa upepo, ziwa nyuma yake limekua rangi tu bila umbo. Nimemtumia mama kule Busia, ambaye Simba alikua wake kabla hajawa wangu, akakaa kimya kama dakika kumi alafu akapiga simu. Anataka nimsafishie kubwa, na fremu ya mbao. Kesho naipeleka mjini.