Cheti cha kifo kitafutwe kabla ya arobaini

Kaka yangu alifariki binti yake akiwa kidato cha tatu. Leo binti yuko chuo kikuu, anasomea ualimu wa hesabu na fizikia, na Bodi ya Mikopo ndiyo inayomlipia. Akina mama wa huku Mbagala wakinikuta sokoni Rangi Tatu wananiuliza, "Shangazi yake, mlipitia wapi?" Naandika ili nimjibu kila mmoja kwa kituo.

Kwanza tuelewane. Wengi wanaulizia ufadhili wa yatima wakidhani upo mfuko unaomsomesha kila aliyefiwa. Kwa chuo kikuu, mlango mpana zaidi ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huo ni mkopo: binti akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Ipo Samia Scholarship, ambayo hairudishwi, lakini yenyewe inatazama ufaulu wa juu wa kidato cha sita katika sayansi, haitazami msiba. Bodi inauhesabu uyatima inapopima uhitaji, na aliyefiwa na mzazi mmoja naye anahesabiwa. Wifi yangu hakuamini. "Si mimi mama yake nipo?" Yupo, Mungu ampe umri, na kila alfajiri anakaanga vitumbua. Lakini aliyekuwa na mshahara nyumba ile ni marehemu.

Uyatima huo unathibitishwa kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Hapa ndipo familia zetu zinapokwama, na inaniuma kwa sababu kwenye misiba tunajua kushikana. Turubai linapatikana, majamvi yanapatikana, sufuria zinaazimwa, rambirambi inaandikwa daftarini mpaka shilingi ya mwisho. Kibali cha mazishi kinabaki mfukoni mwa aliyesimamia maziko, na watu wanaamini wana cheti. Kibali siyo cheti! Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, maana yake arobaini haijafika. Wakati huo wajomba na baba wadogo bado wapo nyumbani, kila mtu anaulizia afanye nini. Mpeni mmoja wao kazi hiyo. Baada ya miaka mitatu, mjane atahangaika nayo peke yake.

Halafu majina. Karatasi ya hospitali ilikuwa na majina mawili, la pili likiwa lile alilozoeleka nalo kazini. Cheti cha kuzaliwa cha binti kina majina matatu ya baba, na lile la kazini halimo. Kwenye makaratasi wakawa wanaume wawili tofauti. Ikabidi kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba ni mtu mmoja, na ndugu wa marehemu, yaani mimi, nikaweka sahihi. Kwa hiyo kabla hamjasajili, wekeni mezani cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha NIDA cha marehemu na karatasi ya hospitali, msome herufi kwa herufi. Hassan na Hassani zinaweza kumchelewesha mtoto.

Uhakiki wenyewe unafanyika mtandaoni kupitia eRITA, mfumo wa RITA. Steshenari nyingi mjini wanakusaidia kuskani na kutuma. Msisubiri matokeo ya kidato cha sita, maana hapo kila mzazi yuko kwenye foleni hiyohiyo.

Kingine ni aibu. Binti yetu hakutaka kuandika kuwa amefiwa na baba, akasema anaonekana kama anaomba huruma. Nilimwambia, mwanangu, baba yako alikuwa analipa ada yako kabla hajafa; hapa unaeleza kwa nini sasa halipi. Akajaza mwenyewe.

Mwenye mtoto anayemaliza kidato cha sita mwaka huu, jioni nipo nyumbani. Njoo na makaratasi yote uliyonayo, hata yaliyochakaa, tuyapange pamoja.