Nilivyoyakusanya Makala Yangu Yaliyotawanyika kwa Majina Matatu

Nilipoomba kupandishwa cheo, kamati ilitaka vitu viwili: orodha ya makala yote niliyochapisha, na idadi ya mara ambazo watafiti wengine wameyanukuu. Kazi yangu ni kuchunguza kingamwili za malaria kwa watoto wa huku Pwani. Nikadhani orodha ni shughuli ya asubuhi moja. Ilinichukua wiki sita.

Aliyeligundua tatizo ni mkutubi wetu, mama mtu mzima. Alifungua Scopus, hazina ya mtandaoni inayoorodhesha makala ya watafiti na nukuu zake, akaandika jina langu, kisha akanigeuzia kompyuta.

"Mwanangu, humu ndani wewe ni watu watatu."

Ni kweli. Sisi watu wa Mombasa wengi hatuna jina la ukoo la kurithishana. Mtu ana jina lake, la babake na la babu. Makala ya mwanzo niliandika langu na la baba, na jarida likaliweka la baba mwisho kama ukoo. Baadaye nikaongeza la babu, nikaorodheshwa kwa babu. Kisha makala mawili yaliyotumwa na mwenzangu yaliandikwa Abdallah, ilhali kitambulisho changu kinasema Abdalla. Kwa herufi moja tu, nikafunguliwa faili nyingine.

Hasara ilikuwa kwenye kipimo cha h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 6 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 6, na huna 7 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 7, h yako ni 6. Faili yangu ya kwanza ilikuwa na makala 11 na h ya 6. Ya pili makala 5, h ya 3. Ya tatu makala 2, h ya 1. Namba hizo hazijumlishwi. Usiku nilikaa na kalamu nikayapanga yote 18 kwa pamoja kwa idadi ya nukuu, kubwa juu: 41, 30, 22, 15, 14, 12, 11, 10, 9, kisha 6. La tisa limenukuliwa mara 9, la kumi mara 6 tu. Basi h yangu ni 9. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisomeka 6, na niliumia.

Nilianza na ORCID, namba ya utambulisho yenye tarakimu 16 ambayo mtafiti hupewa bure. Humo niliandika namna zote za jina langu, nikaingiza makala moja moja. Halafu nikawaomba Scopus waziunganishe faili tatu.

Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala ya kitaaluma, ilikuwa na jambo jingine. Mashine ilikuwa imeniingizia makala ya mtu wa jina kama langu, daktari wa ngozi wa nchi nyingine, iliyonukuliwa zaidi ya mara 200. Hiyo peke yake ilizidi makala yangu yote. Kamati isingegundua. Niliifuta siku ileile, kwa sababu jasho lile si langu.

Kulikuwa na sehemu ya kueleza thamani ya majarida niliyochapisha. Hapo niliandika ninachokiamini. Kipimo maarufu cha jarida huangalia nukuu za mwaka mmoja kwa makala ya miaka 2 iliyotangulia. Lakini mwaka 1961 watafiti Cohen, McGregor na Carrington walieleza jinsi kingamwili za watu wazima wa Gambia, waliokwisha kuizoea malaria, zilivyopunguza vimelea kwa watoto wagonjwa. Mimi hulinukuu jaribio hilo karibu kila ninapoandika, na nukuu zangu haziongezi chochote kwenye kipimo hicho. Kinga ya malaria yenyewe hujengeka kwa miaka. Kuipima kazi ya kuichunguza kwa miaka 2 ni kuipunja. Kwa hiyo kando ya namba niliweka aya fupi chini ya kila makala: tulipima nini, tuliona nini, na nani ameendeleza.

Jibu la Scopus lilinifikia nikiwa kwenye feri ya Likoni, nimebanwa katikati ya watu na mikokoteni. Nilifungua simu hapohapo: jina moja, makala 18, h ya 9. Tuliposhuka nilimpigia mkutubi kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.