Kupima Algol: saa kwanza, darubini baadaye

Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, katika Algol, nyota mbili zinazozungukana, ile hafifu huikinga ile angavu. Kipimo cha mwangaza (namba ikipanda, nyota imefifia) hutoka 2.1 hadi 3.4, na kupatwa kote huchukua kama saa 10. Muda huo, ukigawanywa kwa mzunguko, hutoa ukubwa wa nyota, ila kwa uwiano na umbali kati yao tu. Kilomita na tungamo hudai spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake: mistari iliyomo hutoa kasi ya nyota zote mbili. Hapo ndipo kazi, maana mistari ya ile hafifu humezwa na mwanga wa mwenzake.

Algol ikiwa chini karibu na upeo wa macho, acha. Hewa nzito hufifisha mwanga, ukadhani imepatwa. Linganisha na nyota jirani yake, Mirfak, yenye kipimo 1.8.