Gari ya umeme huku pwani breki haziliwi, zinaoza

Siku hizi watu wengi wakiulizia Nissan Leaf za Japani wanapewa sifa moja, eti sahau habari ya breki, pedi zinakaa miaka na miaka. Ni kweli zinakaa, ila kwa sisi wa Shangani na Mikindani tatizo linaanzia hapohapo.

Maana gari ya umeme ukiachia pedeli ya mwendo mota inageuka jenereta, inarudisha chaji kwenye betri na mwendo unapungua wenyewe, pedi zinakuja kubana diski pale unapokaribia kusimama au ukikanyaga kwa nguvu. Gari ya petroli kila ukishika breki inakwangua kutu, hii muda mwingi haikwangui, na diski ni chuma, na upepo wetu huu umejaa chumvi inayovuta unyevu. Ile kutu nyekundu ya juujuu ya asubuhi baada ya mvua wala isikutishe, inatoka ukishika breki mara mbili tatu. Kinachoniogopesha mimi ni kutu inayochimba diski, na zaidi pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zikikauka grisi zikaganda, hapo pedi inang'ang'ania diski inachemka na chaji inaisha haraka, au upande mmoja haubani vizuri siku mtoto amekatiza barabara ghafla!

Kwa hiyo breki zitumieni jamani. Mimi nikipata barabara iliyonyooka, tambarare, nyuma hakuna mtu, naweka gia N, yaani nyutro, halafu nakanyaga breki taratibu, kwenye N mota hairudishi umeme kwa hiyo zinazofanya kazi ni pedi zenyewe. Mteremkoni usijaribu. Na ukiosha gari usilipaki limelowa, zunguka nalo kidogo breki zikauke.

Kwa fundi nenda hata mara moja kwa mwaka, na asichungulie pedi tu akakwambia bado nene, mwambie avue kalipa, asafishe pini na apake grisi maalum ya breki, ile ya beringi inavimbisha raba. Mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu hata gari ikiwa imesimama, watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Volkswagen kwenye ID.3 na ID.4 nyuma wameweka breki za dramu, zimefunikwa, kutu haizifikii kirahisi. Za diski ndo lazima uzichungulie, hasa za nyuma, kwa sababu ndo zinafanya kazi kidogo kuliko zote.